Soma Pambizo Kwanza

Segera ni mahali pa kugawana njia. Basi la Arusha likishapita Same, Mombo na Korogwe hufika hapa likasimama: abiria wa Tanga wanashuka kutafuta gari la Hale na Muheza, wa Dar es Salaam wanabaki vitini waende zao Kabuku, Mkata hadi Chalinze. Ni kituo cha dakika chache, lakini katika dakika hizo wauza machungwa huwa wameshayazunguka madirisha yote, na konda ameshagonga bodi mara mbili. Wenyeji wanajua abiria katoka wapi kabla hajafungua mdomo. Aliyepandia Mombo ana mfuko wa matunda na mboga za Lushoto mapajani. Aliyetoka Tanga ananukia samaki. Mtu akisema natoka Tanga huku amekumbatia kabichi tatu, hakuna atakayembishia, ila watamtazama mara ya pili.

Nilishuka hapo siku hiyo simu yangu ikiwa imezimika. Nikaingia kwenye duka la steshenari kuomba kuchaji. Lilikuwa duka kama maduka yote ya aina yake: mashine moja ya fotokopi, kompyuta mbili, bahasha za kaki, kitambaa cha bluu cha kupigia picha za pasipoti, na karatasi ukutani inayosema tunaandika barua za maombi ya kazi. Binti mmoja alikuwa anahudumia. Pembeni, kwenye benchi, alikaa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, anamenya chungwa taratibu, ganda likishuka bila kukatika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, umeme leo upo."

Hatujamaliza kuulizana safari, kijana wa bodaboda akaingia mbio. Alitaka binti amtolee kwenye karatasi picha iliyokuwa kwenye simu yake. Ni waraka wa siri, alisema, umevuja. Ubalozi wa nchi fulani umegawa hela kwa wanasiasa wetu, na majina yote yamo. Alitaka nakala tano akawaonyeshe wenzake kijiweni, maana kwenye simu wanambishia.

Mashine ikanguruma, karatasi ikatoka. Mzee akanyoosha mkono. "Ilete hapa kwanza."

Akaiweka juu ya goti, akachukua daftari la shule lililokuwa kwenye benchi, akalilaza juu ya karatasi katikati, maneno yote yakafunikwa. Kikabaki kichwa cha barua juu, sehemu ya sahihi chini, na ukingo mweupe wa kushoto na kulia. Akaanza kuvisoma hivyo vilivyobaki.

Nilimuuliza mbona anafunika penyewe penye habari. Hakuinua macho.

"Cha ndani usikisome kwanza. Ukikisoma kitakutia hasira au kitakufurahisha, na mwenye hasira haoni pambizo."

Mzee huyu alifanya kazi ya masijala miaka mingi katika ofisi za Serikali kabla ya kustaafu. Watu wengi wameingia ofisini maisha yao yote bila kuiona masijala, kwa kuwa mara nyingi huwa chumba cha mwisho kwenye korido, chenye makabati ya chuma na dirisha dogo la kupitishia majalada. Mkubwa anayesaini barua anajulikana. Karani anayejua barua hiyo imekaa wapi hajulikani, mpaka siku inapotafutwa.

Alinieleza kazi yenyewe kwa vidole, kana kwamba majalada bado yako mbele yake. Barua ikiingia, unafungua bahasha kwa kisu, si kwa kuichana, na bahasha huitupi mpaka uhakikishe imebaki tupu. Unagonga muhuri wa kupokelewa wenye tarehe ya siku hiyo. Unaiandika kwenye daftari la barua zinazoingia: imetoka kwa nani, ina tarehe gani, inahusu nini, inakwenda jalada gani. Unatafuta jalada lake. Unaitoboa kwenye kona, unaifunga kwa uzi juu ya zilizotangulia, halafu unaipa namba ya folio kwenye kona ya juu kulia kwa kalamu nyekundu, unaizungushia duara. Kama ya mwisho ilikuwa 37, hii ni 38. Kisha kwenye gamba la jalada unaandika linakwenda kwa nani, folio ipi, tarehe ipi. Likirudi limeandikwa dokezo, unasoma dokezo, unalipeleka linakoelekezwa. Mkubwa naye akishaona, anaandika chini ya dokezo la mdogo wake, hapandi juu yake wala haanzi karatasi mpya kwa hiari yake.

"Umeona?" aliniuliza. "Karatasi haina miguu. Ikisogea, kuna mtu kaisogeza, na huyo mtu kaandika."

Ufundi wenyewe ndio huo, na kwa nje hauna mvuto. Ni mkono unaofanya jambo lilelile mara mia kwa siku bila kuruka hatua, kwa sababu hatua inayorukwa leo ndiyo itakayotafutwa miaka 10 baadaye. Tanzania imeutungia ufundi huu sheria, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, na Chuo cha Utumishi wa Umma kinaufundisha. Lakini nilipomtazama mzee akiipitia ile karatasi ya bodaboda kwa kucha ya kidole gumba, niliona sheria na chuo vinaweza kukupa utaratibu tu. Hisia ya kidole inataka umri.

Alianza na kumbukumbu namba. Barua ya ofisi huwa na mstari wa Kumb. Na., na watu huudhani pambo. Kwa mzee ni anwani kamili. Herufi za mwanzo zinataja ofisi, tarakimu zinazofuata zinataja jalada, wakati mwingine na juzuu lake, na ya mwisho inataja folio. Yaani barua ya kweli inakuambia yenyewe nakala yake imelala wapi, ukitaka kwenda kuitazama. Namba ya kwenye karatasi ya kijana ilikuwa na herufi na mkwaju mmoja, kisha mwaka. "Hii imetaja mtaa, haikutaja nyumba," alisema.

Akaenda kwenye tarehe. Akafumba macho kidogo, midomo ikihesabu. "Jumapili." Kijana akasema Serikali inaweza kufanya kazi hata Jumapili. Mzee akakubali kabisa. "Inaweza. Mimi nimeshaitwa ofisini hata Iddi. Sijasema ni uongo, nimeweka swali. Maswali yakifika matano tutayajumlisha."

Akaenda kwenye muhuri. Hapa aliinama, akaisogeza karatasi mlangoni kwenye mwanga wa jua. Muhuri wa mpira uliogongwa kwa mkono, alinionyesha, hauwi na wino sawa pande zote. Upande mmoja mkono huwa umelemea, herufi zinavimba, upande wa pili zinafifia. Mara nyingi hukaa mshazari kwa sababu karani ana barua nyingine 40 za kugonga. Na ukipita juu ya sahihi, wino wa muhuri na wino wa kalamu unaonekana umekutana. Huu wa kwenye karatasi ulikuwa umenyooka kama umepimwa kwa rula, wino sawasawa kotekote, na kuuzunguka kulikuwa na kisanduku cheupe, cheupe zaidi ya karatasi yenyewe. Mstari wa sahihi ulipofika kwenye kisanduku hicho ulikatika, ukatokea tena upande wa pili.

Kijana aliinama naye akatazama. Hakusema kitu.

Mwisho mzee akatafuta vitu ambavyo havikuwapo, jambo ambalo mimi nisingelikumbuka. Hakuna tundu la kutoboa kwenye kona. Hakuna namba ya folio. Hakuna muhuri wa kupokelewa. Juu pameandikwa SIRI kwa herufi kubwa, lakini haikusema ni nakala ya ngapi kati ya ngapi, na alivyofundishwa yeye, karatasi ya siri huhesabiwa nakala zake kama mtu anavyohesabu mbuzi jioni, husafiri ndani ya bahasha mbili, na ile ya nje haiandikwi siri. "Aliyebeba fedha haandiki kwenye mkoba kwamba humu mna fedha."

Ndipo akaondoa daftari, akasoma yaliyomo. Alisoma mara moja tu, akacheka kidogo.

"Huyu anamwandikia nani?"

Kijana akasema si ameandikiwa mkurugenzi, jina lake lipo hapo juu.

"Hapana. Anakuandikia wewe."

Akafafanua, na katika yote niliyoyasikia siku hiyo hili ndilo nililoondoka nalo. Barua ya kweli ya ofisini huandikwa kwa mtu ambaye tayari anajua habari. Ndiyo maana huchosha kuisoma. Inasema husika na kichwa cha habari hapo juu, rejea barua yako ya tarehe fulani, suala lile lililojadiliwa kikaoni liko kama tulivyoelewana. Ukiiokota barabarani huambulii kitu, kwa kuwa nusu ya maana imebaki kwenye folio za nyuma. Barua ya kughushi haina anasa hiyo. Mwandishi wake anajua msomaji wake atakuwa mtu wa kijiweni, kwa hiyo inabidi aeleze kila kitu: ubalozi gani, hela kiasi gani, kwa lengo gani ovu, tena kwa sentensi zilizokamilika. Wanaokula njama hawaambiani nia yao kwa urefu namna hiyo, kwa sababu wote wanaijua. Waraka wa kweli haukujui wewe msomaji, na wa uongo umekuja kwa ajili yako.

Nilitoka dukani kununua maji nikiwa nafikiria mwaka 1964. Nchi hii imeshakuwa na waraka wake uliovuja, na haukuja kwa simu ya bodaboda. Ulitangazwa na Waziri wa Mambo ya Nje.

Ukumbuke mwaka wenyewe ulivyokuwa. Januari 12, Mapinduzi Zanzibar. Januari 20, askari wa kambi ya Colito wanaasi Dar es Salaam, na siku chache baadaye Mwalimu Nyerere analazimika kuwaita wanajeshi wa Uingereza kuwazima, jambo lililomuuma. Aprili 26, Muungano. Septemba 25, FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, inaanza vita dhidi ya Wareno ng'ambo ya Ruvuma. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kongo inawaka, mamluki wa kizungu wakipigana upande wa serikali ya Léopoldville. Jina la Tanzania lenyewe lilikuwa la Oktoba 29. Wino wake ulikuwa haujakauka.

Novemba ya mwaka huo waziri huyo, Oscar Kambona, alitangaza kwamba umepatikana ushahidi wa njama ya Marekani na Ureno dhidi ya nchi. Ushahidi wenyewe ulikuwa nyaraka tatu. Hazikuwa nyaraka za asili, zilikuwa nakala za kupigwa picha. Wamarekani, ambao balozi wao alikuwa William Leonhart, walijibu kwamba ni za kughushi. Mwalimu, aliyekuwa Ziwa Manyara kwa wiki moja, aliporudi alikiri kwamba huenda ni kweli zimeghushiwa.

Ni rahisi leo kumcheka Kambona, na sidhani ni haki. Nchi ambayo majirani zake walikuwa wanaingiliwa mchana kweupe ilikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba zamu yake imefika. Lumumba aliuawa Januari 1961, na mwaka 1975 kamati ya Seneti ya Marekani yenyewe, iliyoongozwa na Frank Church, ilikuja kueleza kwamba shirika la ujasusi la nchi hiyo lilikuwa limepanga kumuua. Hofu ya 1964 haikuwa ndoto. Na hapo ndipo mghushi anapofanyia kazi. Hapandi mbegu kwenye mwamba, hupanda palipokwisha kulimwa na kumwagiliwa na mambo ya kweli. Waswahili tunasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mghushi anaijua methali hiyo kuliko sisi.

Lakini zile nakala tatu, kwa jicho la masijala, zilikuwa na uso tu. Nakala ya picha inakupa sura ya karatasi: maneno, sahihi, labda muhuri. Inakunyima mgongo wa karatasi, uzito wake, alama ya chapa ilivyochimba, tundu la uzi. Inakunyima zaidi ya yote njia: ilitoka jalada gani, nani aliitoa, ilipita mikono mingapi mpaka ikafika mezani pa waziri. Wiki moja ya Manyara haikumpa Mwalimu mashine ya kupimia wino. Nadhani ilimpa kile alichokuwa nacho mzee wa Segera alipolaza daftari juu ya maneno: nafasi ya kutosoma kwa hasira.

Ukitaka kuona kazi hii ikifanywa kwenye meza kubwa kuliko zote, nenda mwaka 2003. Januari 28, Rais George W. Bush aliwaambia Wamarekani kwamba Irak ilikuwa imetafuta urani barani Afrika. Nyuma ya madai hayo kulikuwa na nyaraka zinazodaiwa kuwa za serikali ya Niger, zikionyesha biashara hiyo. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilipopewa nyaraka zenyewe halikuhitaji miezi. Lilifanya kazi ya karani: kutazama tarehe, kisha kutazama nani alikuwa ofisini tarehe hiyo. Barua moja ya Oktoba 2000 ilikuwa na sahihi ya waziri ambaye hakuwa madarakani tangu 1989. Machi 7, mkuu wa shirika hilo, Mohamed ElBaradei, aliliambia Baraza la Usalama kwamba nyaraka hizo si halisi. Kabla ya mwezi kwisha vita vilikuwa vimeanza.

Kisa hicho kina jambo jingine linalomfaa kila anayetazama muhuri. Mwanzoni mwa mwaka 2001 wezi walivunja ubalozi wa Niger mjini Roma. Ndiyo kusema muhuri na karatasi vinaweza kuwa vya kweli kabisa, na barua ikawa ya uongo. Muhuri unathibitisha kwamba muhuri ulikuwepo, basi. Ndiyo maana mzee hakuishia kwenye muhuri, alikwenda kutafuta folio.

Uingereza nayo iliwahi kupewa uso usio na njia. Oktoba 25, 1924, siku nne kabla ya uchaguzi, gazeti la Daily Mail lilichapa barua iliyodaiwa kuandikwa Moscow na Grigory Zinoviev, akiwahimiza wakomunisti wa Uingereza kuchochea uasi. Chama cha Labour kilishindwa. Asili ya barua hiyo haijaonekana, na mwaka 1999 mwanahistoria wa Wizara ya Mambo ya Nje, Gill Bennett, alipopewa mafaili yote, alihitimisha kwamba ilighushiwa. Siku nne hazikutosha kupima. Mghushi huchagua siku pia: hukuletea karatasi wakati huna muda wa kwenda kwenye kabati.

Nilirudi na maji. Binti alikuwa amemtolea kijana kiti. Nikamweleza mzee hiki nilichokumbuka cha 1964, akatikisa kichwa, akasema na cha mwaka uliofuata nikikumbuke, maana mkosi haukuishia hapo.

Ni kweli. Januari 1965 Tanzania iliwafukuza maofisa wawili wa Marekani, Robert Gordon wa ubalozi wa Dar es Salaam na Frank Carlucci aliyekuwa konseli Zanzibar. Safari hii haikuwa karatasi, yalikuwa mazungumzo yao ya simu yaliyonaswa. Kwa simulizi ya Carlucci mwenyewe, walikuwa wanajadili namna ya kuwashawishi wakubwa wao Washington watume salamu za pongezi kwa mwaka mmoja wa Mapinduzi, na katika kusema kwamba wanahitaji hoja nzito zaidi, walitumia neno la Kiingereza la risasi. Aliyekuwa anasikiliza alisikia risasi. Tanzania ikamwita nyumbani balozi wake Washington, Othman Shariff, na Marekani nayo ikamfukuza mwanadiplomasia wa Tanzania. Carlucci alikuja kuwa Waziri wa Ulinzi wa nchi yake mwaka 1987.

Tukichukua simulizi hiyo kama alivyoitoa, somo lake si lile la nakala tatu. Maneno yalikuwa ya kweli, sauti zilikuwa zao, njia ilijulikana. Kilichokosekana ni majirani. "Folio moja haisomwi peke yake," mzee alisema. Ukitoa folio 38 kwenye jalada ukaisoma bila 37 na 36, utamfunga mtu asiye na kosa. Kwa sababu hiyo masijala nzuri haitoi barua moja kwa mkubwa, hupeleka jalada zima, hata kama limenenepa kama gunia la mahindi.

Kijana wa bodaboda alikuwa amekaa kimya muda, halafu akauliza swali ambalo lilistahili kuulizwa. Kama kila kinachovuja kitatiliwa shaka namna hii, si wakubwa watafurahi? Wataiba, barua itavuja, watasema feki, na wazee kama wewe mtatafuta folio.

Mzee hakulikwepa. Alisema karani anayekataa kila karatasi ni mvivu sawa na anayepokea kila karatasi, wote wawili wameruka kazi. Na historia iko upande wa kijana. Mwaka 1917 ilipotoka simu ya maandishi ya Arthur Zimmermann, Waziri wa Mambo ya Nje wa Ujerumani, akiishawishi Mexico iingie vitani dhidi ya Marekani, wengi walisema ni uzushi wa Waingereza. Ilikuwa na kila dalili ya uzushi: imekuja wakati muafaka mno, na waliofaidika nayo ndio walioileta. Lakini ilikuwa ya kweli, na Machi 3 Zimmermann mwenyewe alikiri. Shaka iliyo bora ni ile inayokubali kushindwa.

Na hapa jirani, Kenya, mwaka 2007, zilizagaa nakala zilizodaiwa kuwa za makubaliano ya Raila Odinga na viongozi wa Kiislamu wa NAMLEF, zikimwekea ahadi za kutisha. Makubaliano yalikuwepo kweli, yalitiwa sahihi Agosti 29, na kukana peke yake hakukutosha. Novemba hati yenyewe ikatolewa hadharani. Mwenye kutaka kulinganisha akapata cha kulinganisha. Ofisi zetu zingejifunza hapo. Kuigonga picha ya barua maandishi mekundu ya kwamba ni uzushi kunasaidia kidogo, lakini kunamtaka mwananchi aamini wino mwekundu badala ya wino mweusi. Karani angesema: namba hiyo ya kumbukumbu kwenye kabati letu ni ya jalada hili, na folio iliyopo ni hii hapa, itazameni.

Siku hizi majalada mengi yamehamia kwenye Ofisi Mtandao, na mfumo unaandika wenyewe nani kafungua na saa ngapi. Mzee hana kinyongo na hilo. Anasema ni kazi ileile, ila sasa karani halali. Kilichobaki bila karani ni barabara, yaani simu zetu, ambako karatasi inapita mikono elfu kwa saa na hakuna hata mmoja anayeandika kaipokea wapi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaweka adhabu kwa anayesambaza habari za uongo akijua ni za uongo, faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Kijana aliposikia hivyo akazitazama zile nakala nne zilizobaki kwenye trei ya mashine kama anayetazama nyoka.

Alitaka kuzichana zote. Mzee akamzuia mkono.

"Nne chana. Hii moja niachie. Karatasi ya uongo nayo ni kumbukumbu, ni kumbukumbu ya uongo. Siku moja mtu atauliza ulianza lini."

Akamuuliza: umeipata kwenye kundi gani? Lini? Saa ngapi? Aliyeileta alisema kaitoa wapi? Kijana akafungua simu, akasoma. Nyuma yake basi la Tanga lilikuwa limeshafika, konda anaita Muheza, Tanga, Muheza, Tanga, na simu yangu ilikuwa na asilimia 30. Nilichelewa kidogo makusudi. Mzee aliandika majibu kwa penseli pembeni, kwenye ile pambizo tupu aliyoanza nayo, herufi ndogo zilizonyooka. Chini akaongeza: asili haijaonekana. Akaitoboa kwenye kona. Kutoka chini ya benchi akavuta jalada la kaki lililochakaa, akafungua uzi, akaifunga juu ya nyingine.

Kisha akamwomba binti kalamu nyekundu.

"Ya mwisho ilikuwa ngapi?" akajiuliza, akafunua, akatazama. Akaandika 52 kwenye kona ya juu kulia, akaizungushia duara.